Kuchanja baja dhidi ya TB shambani, Gloucestershire: nyota 4 kati ya 5

Kwa mnaofanya kazi mashamba ya maziwa huku Uingereza, hii ni rivyuu ya huduma ya kuchanja baja, wale wanyama wa milia usoni wanaochimba mashimo vichakani na wanaoweza kuwaambukiza ng'ombe TB. Mimi nipo Gloucestershire, kaunti ile ile ambako baja wa kwanza wa Uingereza mwenye TB ya ng'ombe alipatikana 1971, kwa hiyo sio habari za kusikia.

Timu ilianza kwa kuzunguka shamba zima kutafuta mashimo, njia zao na vyoo (ndio, wana vyoo, vishimo wanavyochimba mipakani mwao). Wakaweka vizimba na karanga chini ya jiwe, milango imefungwa kamba ibaki wazi ili wanyama wazoee kwanza, hapo ndo uwe na subira maana siku zinapita huoni kitu zaidi ya karanga kuisha. Siku za kutega zikifika wanakuja alfajiri, baja aliyenasa anachomwa BCG, ndo hiyo hiyo tuliyochomwa utotoni, ananyolewa manyoya kidogo na kupuliziwa rangi asije akachomwa tena kesho yake, halafu anaachiwa. Kazi safi, hawana makelele.

Wanajua kueleza pia. TB inapita baja kwa baja kwa pumzi humo mashimoni wanakolala wamebanana, na kwa kung'atana, na mama kwa watoto. Ng'ombe mara nyingi hata hakutani na baja, anaipata kwenye nyasi au hori lenye mkojo au makohozi ya baja, na baja mwenyewe unaweza kumwona mzima kabisa. Nikauliza si bora wauliwe tu yaishe? Wakanitajia jaribio la kuua baja la 1998 hadi 2005: ndani ya maeneo walikouliwa TB ya ng'ombe ilishuka ila mashamba ya pembeni ikapanda, sababu baja waliosalia walianza kuzurura na kuchanganyikana.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu kupokelewa simu ni shughuli, wakati msimu wenyewe ni Mei mpaka Novemba tu, ukichelewa ndo basi. Halafu chanjo haimponyi aliyeshaambukizwa, na watoto wapya wanazaliwa kila mwaka kwa hiyo lazima warudi tena. Na stoo ya chakula cha ng'ombe bado unaifunga usiku baja wasiingie, usijidanganye.