Biotini ya kucha, vidonge vya mikrogramu 10,000: nyota 2 kati ya 5

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 za biotini (vitamini B7) kwa siku, na mlo wa kawaida humpatia. Kidonge kimoja cha kucha kina 10,000, yaani miligramu 10. Sehemu kubwa ya hizo hutoka na mkojo.

Nyota mbili tunazokipa kidonge hiki zinahusu kucha za aina moja tu: zile laini, zinazomenyuka tabaka kwa tabaka kwenye ncha. Tafiti chache zilizofanywa, za watu wachache, zilitumia miligramu 2.5 kwa siku, na baadhi yao kucha ziliongezeka unene. Kwa hiyo anayetaka kujaribu anunue dozi hiyo ndogo, ameze mara moja kwa siku, na asitarajie lolote kabla ya miezi kadhaa. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Kuota upya mzima huchukua karibu miezi 6, na sehemu iliyokwisha kutoka ni mfu, haitengenezwi na kidonge. Mikono inayoshinda majini bila glovu itaharibu kazi yote: ukucha hufura ukilowa, hunywea ukikauka, na tabaka huachana. Asetoni ya kutolea rangi huzidisha ukavu.

Nyota tatu zimepotea maabara. Vipimo vingi vya damu hutumia biotini ndani ya kemikali zake, hivyo damu iliyojaa biotini huvuruga majibu. Kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kinaweza kushuka kwa uongo na homoni za tezi yenyewe zikaonekana juu, mtu asiye na ugonjwa akaambiwa tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Baya zaidi, tezi iliyolegea, yaani inayofanya kazi pungufu, ni mojawapo ya sababu za kucha kukatika ovyo, na kidonge kilichonunuliwa kwa ajili ya kucha hizo ndicho kinachoweza kuificha! Troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, nayo inaweza kusomeka chini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Acha vidonge siku 2 hadi 3 kabla ya kupimwa, na mwambie daktari kiasi unachomeza. Ukifika hospitali na maumivu ya kifua, litaje hilo mapema kabisa.

Kabla ya kununua, toa rangi na utazame kucha zote kumi kwenye mwanga wa mchana. Dondoshea tone la maji juu ya ukucha: likituama badala ya kutiririka, ukucha umebonyea, na kinachofaa ni kupima wingi wa damu na feritini (akiba ya chuma mwilini), maana upungufu wa madini ya chuma ni sababu ya kawaida. Vishimo vidogo vingi huelekeza kwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Gusanisha migongo ya kucha mbili za vidole vinavyofanana. Kwa kawaida hubaki kijitundu kwenye mashina. Kisipoonekana, mapafu na moyo vichunguzwe. Mstari mmoja mweusi wa urefu, hasa ukiwa mpya, unaopanuka au unaotia weusi ngozi ya pembeni, uonwe na daktari wa ngozi bila kungoja, kwa sababu unaweza kuwa saratani.