Daktari akikuuliza habari, usijibu nzuri: uzoefu wangu na fidia ya ulemavu ya jeshi la Marekani

Nilirudi kutoka Afghanistan na goti bovu, mgongo unaouma, masikio yanayovuma na usingizi wa mang'amung'amu. Kuomba fidia hakukunisumbua. Fomu nilijaziwa na mwakilishi wa chama cha wanajeshi wa zamani, sikutozwa hata senti (anayekudai pesa akujazie ombi la kwanza, mkimbie). Idara ya wanajeshi wa zamani (VA), ambayo ndiyo inayolipa, inataka mambo matatu: ugonjwa ulio nao sasa, tukio la jeshini, na maoni ya daktari kwamba hili limetokana na lile. Uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha.

Nilikoharibu ni kwenye uchunguzi. Nimelelewa Mombasa, ambako hata mgonjwa aliye kitandani akiulizwa hujambo hujibu sijambo, ndipo aseme kinachomsumbua. Daktari akaniuliza habari, nikasema nzuri. Akaniambia nikunje goti. Nikalikunja lote, meno nimeyauma, sikuguna. Akapima pembe, akaandika, akafunga faili. Ile "lakini" yangu ilibaki mdomoni.

Barua ikaja na viwango vya ulemavu: msongo wa vita asilimia 50, mgongo 20 (nikiinama napita nyuzi 30 ila 60 sivuki), masikio 10, goti 0. Sifuri maana yake wamekubali uliumia jeshini, lakini hawakulipi. Nikajumlisha, nikapata 80. Chini imeandikwa 60!

Kumbe hawajumlishi. Wanakuhesabu ulikuwa mzima asilimia 100. Zikitoka 50, mgongo unakata asilimia 20 ya nusu iliyobaki, yaani 10. Masikio nayo yanakata asilimia 10 ya 40, yaani 4. Jumla iliyokatwa inakuwa 64, kisha inapelekwa kwenye kumi iliyo karibu. Hesabu hii iliniuma kuliko goti.

Una mwaka 1 wa kupinga bila kupoteza tarehe ya kuanzia malipo. Nikapeleka ombi la nyongeza na ushahidi mpya: rekodi za kliniki, na barua ya mke wangu akieleza ninavyoshuka ngazi kinyumenyume kila asubuhi. Safari hii nilipoulizwa habari nilisema mbaya, ingawa nilijisikia kama mtovu wa adabu. Goti lilipoanza kuuma nikasimama hapo hapo, nikasema. Likapewa 10, kwa kuwa kiungo kinachouma kikikunjwa kina haki ya kiwango cha chini kinacholipwa. 64 ikawa 68, na 68 husomwa 70.

Nyota 3 kati ya 5. Mbili nimezikata kwa ile hesabu.