Dragon Ball au Sailor Moon: uanze na ipi?

Kwa anayetaka kuonja manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za zamani, hizi mbili hazikosi kushindanishwa. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilianza 1984 katika Weekly Shōnen Jump, jarida la wavulana. Chimbuko lake ni hadithi ya kale ya Kichina, Safari ya Kwenda Magharibi: fimbo inayorefuka ya Goku, mhusika mkuu, na wingu analopanda vimetoka kwa Mfalme Nyani, shujaa wa hadithi hiyo, na hata mkia wa Goku unatukumbusha nyani huyo. Mwanzoni ni vituko na vichekesho tu. Ngumi zinatawala baadaye, na mapambano mengine, kusema kweli, yanavutwa mno.

Sailor Moon ilitoka mwishoni mwa 1991 katika Nakayoshi, jarida la wasichana. Mwandishi wake, Naoko Takeuchi, alisomea ufamasia, na aliijenga juu ya kazi yake ya awali, Codename: Sailor V. Usagi, msichana aliye mhusika mkuu, machozi yako karibu, masomo hayapandi, shule anachelewa. Paka mweusi ndiye anayemfumbulia kuwa yeye ni shujaa. Mapenzi, urafiki na vita vimo vyote, katika juzuu 18. Mimi ningeanza na hii, maana Dragon Ball ina juzuu 42.