Oili ya Mashindano kwenye Gari la Kila Siku: Tazama TBN Kabla ya Chapa

"Dada, fundi aliniambia hii ndiyo oili kali kuliko zote, ya magari ya mashindano. Mbona majibu ya maabara yamekuja mabaya hivi?" Ujumbe wa namna hii nimeupata kwa wasomaji kadhaa, na mmoja aliambatanisha ripoti yenyewe ya kupima oili iliyotumika. Chuma kimepanda, risasi imepanda, na kwenye mstari wa TBN, yaani kinga ya oili dhidi ya asidi, kumebaki chini ya 1. Gari lenyewe ni la kwenda kazini na kurudi, halijawahi kuchemka wala kuishiwa oili. Anataka kujua amlaumu nani.

Oili haina kosa. Ilifanya kazi iliyotengenezewa, ila iliwekwa kwenye gari lisilo lake.

Habari ya 5W-30 au 5W-40, yaani uzito wa oili, sitaigusa. Fungua kitabu cha gari, imeandikwa humo. Sitajadili pia kama sinthetiki ni bora kuliko ya madini, maana hilo lilishaamuliwa zamani. Nataka tuzungumzie namba ambayo muuzaji haitaji na mnunuzi haiulizi.

TBN ni akiba ya alkali iliyomo kwenye oili, na hupimwa kwa miligramu za KOH (aina ya alkali) kwa kila gramu. Kazi yake ni kuua asidi. Kila injini inapowaka, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, zikiwa na mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na mabaki ya moto. Gari likitembea safari ndefu, oili inapata joto la kutosha na maji yanafuka. Lakini gari linalowashwa, likaenda mwendo mfupi, likazimwa kabla oili haijapata moto, linabaki na unyevu wote ndani. Fungua kifuniko cha oili cha gari la namna hiyo asubuhi ya baridi, utakuta chini yake uji mzito wa rangi ya maziwa. Hayo ni maji, na maji pamoja na mabaki ya moto ndiyo asidi yenyewe. Akiba ya alkali ikiisha, asidi inahamia kwenye beringi na kuanza kula risasi na shaba.

Oili halisi ya mashindano hupunguziwa visafishaji kwa makusudi. Visafishaji vya kalsiamu huacha majivu, na majivu kwenye chumba cha kuunguzia yanaweza kuifanya injini igonge. Kwa timu ya mashindano hiyo si hasara: oili inamwagwa baada ya mbio chache na injini inafunguliwa mara kwa mara. Visafishaji vya kustahimili maelfu ya kilomita vya nini? Ila hivyo visafishaji ndivyo vinavyobeba TBN. Ukivitoa, umetoa kinga ya asidi.

Wanachokitangaza wauzaji badala yake ni zinki. Ni kweli zinki na fosforasi hujenga utando unaochakaa badala ya chuma, na injini za zamani zenye kamshafti inayosuguana na tapeti bapa zinahitaji nyingi. Injini nyingi za sasa zina rola mahali hapo, kwa hiyo zinki ya ziada inakuwa mzigo tu. Fosforasi inayoungua huishia kwenye kataliti ya eksozi, kile kifaa cha kusafisha moshi, na kuiua taratibu. Ndiyo maana viwango vya ILSAC, vya watengenezaji wa magari, viliweka kikomo cha fosforasi cha ppm 800 (sehemu kwa milioni) kwa oili nyepesi. Mobil 1 Racing, oili ya mashindano, ina takriban ppm 1,750, zaidi ya mara mbili.

Sasa orodha yangu. Natangulia kusema mimi ni mtu wa chapa ya Motul, na hakuna anayenilipa.

Ya kwanza ni Motul 8100 X-cess 5W-40. Si oili ya mashindano, na ndiyo maana iko juu. Ina kiwango cha Ulaya cha ACEA A3/B4, maana yake utando wake unastahimili joto kali na msuguano mkali (kipimo kiitwacho HTHS, 3.5 au zaidi), na TBN yake ikiwa mpya ni kama 10. Ukipenda kukanyaga mafuta mwishoni mwa wiki na Jumatatu ukae foleni, hii inabeba vyote viwili. Dizeli yenye kichujio cha masizi isiiguse, ichukue X-clean yenye ACEA C3. Na kama kitabu cha gari lako lenye turbo kinadai API SP, kiwango cha Marekani, tafuta SP. Kiwango hicho kilikuja 2020 na kinajali ule ugonjwa wa injini ndogo za turbo kulipua mafuta kabla ya wakati.

Ya pili ni Valvoline VR1 20W-50, kwa wenye magari ya zamani pekee. Ina fosforasi ya asilimia 0.13, yaani ppm 1,300, lakini haikunyang'anywa visafishaji, hivyo barabarani inaishi. Kwa injini mpya yenye kataliti, hapana.

Ya tatu ni Motul 300V, na hapa moyo unavutana na akili. Ni oili ya esta, aina ya sinthetiki, jina limekuwepo tangu 1971, na injini ikiwa nayo inasikika imetulia. Iweke ikiwa uko tayari kuimwaga mapema sana na kupima kila unapoimwaga. Ukitaka kuitembeza umbali wa oili ya kawaida, iache dukani.

Mobil 1 Racing na zile za Red Line zilizoandikwa Race ziko chini kabisa, si kwa ubaya wake. Watengenezaji wenyewe wanasema si za barabarani. Red Line wana oili nyingine za magari ya kawaida, nzuri tu. Chupa ni za kampuni moja, kwa hiyo soma neno hadi neno.

Za bei nafuu? Yoyote yenye alama ya API na namba ya kitabu chako, ukaimwaga kwa wakati, itaishinda hiyo ya mashindano uliyoisahau ndani. Basi.

Kwa wanaotaka kupima: tembeza gari mpaka oili ipate moto, fungua nati ya sampu, iache oili itiririke kidogo, kisha kinga katikati ya mtiririko. Matone ya kwanza yana uchafu wa chini. Ripoti ikija usishtushwe na ppm ya chuma peke yake, igawanye kwa umbali. Chuma 20 kwa kilomita 8,000 ni 2.5 kwa kila elfu. Chuma 12 kwa kilomita 2,000 ni 6. Ya pili ndiyo mbaya, ingawa kwenye karatasi inaonekana ndogo. Silikoni, dalili ya vumbi, ikipanda pamoja na chuma, kagua kichujio cha hewa kabla ya kuitukana oili. Risasi ikipanda huku TBN imeanguka, hiyo ni asidi. Linganisha TBN na TAN, yaani asidi iliyokwisha jikusanya: zikikutana, oili imemaliza kazi.

Uliza pia TBN imepimwa kwa njia ipi. Njia ya ASTM D2896, inayotumika sana kwenye karatasi za oili mpya, hutoa namba kubwa kuliko D4739, ambayo maabara nyingi hutumia kwa oili iliyotumika. Ukilinganisha moja na nyingine utaona anguko ambalo nusu yake ni la kipimo tu. Na ripoti safi haimaanishi injini safi, kwa sababu mashine hizo haziioni vizuri chembe inayozidi mikroni chache. Pasua filta uangalie mikunjo yake kwa macho.

Kinachonikera ni wauzaji. Unamuuliza TBN, anakuonyesha bendera ya mistari iliyochorwa kwenye chupa. Unaomba karatasi ya vipimo, anakwambia "hii wanatumia madereva wa mbio", kama kwamba madereva wa mbio wanapeleka watoto shule. Halafu bei inakuwa ya juu kuliko oili ambayo ingekufaa, na ukirudi na ripoti anakwambia uongeze dawa ya kopo, ambayo naye anauza. Wengine wanaiacha oili ya mashindano kwa makusudi karibu na zile za kawaida, rafu moja, rangi moja.

Msomaji wangu wa ripoti ile nimemwambia aimwage sasa, asingoje kilomita zitimie, abadilishe na filta, aweke yenye kiwango cha kitabu chake na apime tena ikifika nusu ya muda. Risasi ikishuka, beringi zake bado ziko salama. Isiposhuka, afungue sampu.