Mkusanyo wa Rijksmuseum mtandaoni: nimeutumia miezi kadhaa, haya ndo maoni yangu

Najifunza kuchora kwa rangi za mafuta na sina mwalimu, kwahiyo picha za wachoraji wa zamani ndo shule yangu, na miezi kadhaa sasa nashinda kwenye tovuti ya Rijksmuseum, yale makumbusho ya Amsterdam. Nasema wazi kabisa, kwa mtu kama mimi hakuna huduma iliyonisaidia kama hii.

Chukua ile picha ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, ya mfanyakazi wa ndani anamimina maziwa. Zamani intaneti ilijaa nakala zake mbovu zenye unjano, zaidi ya 10,000, mpaka wageni walikuwa wanaona postikadi kwenye duka la makumbusho yenye rangi sahihi wanadhani hiyo ndo imekosewa! Dawa waliyoona makumbusho ni kuachia picha nzuri wao wenyewe, kubwa na bure. Mwaka 2012 wakafungua Rijksstudio, sehemu ya tovuti yao ya kuangalia na kudanlodi picha, na kazi 125,000, na siku hizi ni laki kadhaa. Sasa ukiivuta hiyo picha karibu, endelea kuvuta, unaona msumari ukutani na kivuli chake, unaona matundu ya misumari iliyong'olewa, chini kabisa vigae vidogo kimoja kina Cupid, yule mungu mtoto wa mapenzi wa Warumi, kashika upinde. Kwenye nakala nilizokuwa natumia mwanzo ule ukuta ulikuwa mweupe tu basi.

Halafu unadanlodi bila kumuomba mtu. Kazi nyingi ni za zamani, hakimiliki imeshaisha, unaweza kuiprinti ukabandika chumbani au hata kuitumia kwenye biashara yako. Hapa ndo roho yangu inauma nikikumbuka makumbusho mengine (siyataji) ambako nilitaka picha moja ya mchoraji aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, nikakuta kipicha kama stempu na maandishi yao yamepita katikati ya uso, nikajaza fomu, nikasubiri, kimya. Kama kazi ni ya umma na mwenyewe hayupo tena, unamfungia nani?

Ya Rembrandt, Mholanzi mwingine wa enzi hizo, ile ya walinzi, Ulinzi wa Usiku ya 1642, ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2022 walitoa picha yake ya pikseli bilioni 717, wamepiga picha 8,439 wakaziunganisha. Unaingia mpaka ndani ya nyufa za rangi yaani, unaona brashi ilipoanza na ilipoishia, mimi siku ya kwanza nilikaa kwenye jicho la mtu mmoja tu karibu saa nzima.

Maelezo ni Kiholanzi na Kiingereza, hilo ujiandae. Ila kinachonisumbua zaidi kipo kwenye tovuti zote za makumbusho: kwenye skrini kila kitu kinakuwa saizi moja. Huyo dada wa maziwa ni sentimita 45.5 kwa 41, mtu anabeba kwapani, na hao walinzi wa Rembrandt wana karibu mita 4 kwenda juu na mita 4 na nusu upana! Kwenye simu wote wanakaa kiganjani. Nilichora nakala yangu ya kwanza ya huyo dada kubwa mara mbili ya yenyewe na nikashangaa kwanini mwanga umekufa, kumbe vile vidoti vya rangi ya mwanga alivyoweka Vermeer vinang'aa kwasababu eneo ni dogo na vimesongamana. Kwahiyo sikuhizi kabla ya chochote nasoma vipimo, vimeandikwa kwenye kila kazi, nakata karatasi saizi ileile nabandika ukutani, ndo nafungua picha.

Nakala ya pili ipo kwenye isel (stendi ya kuchorea) sasa hivi. Nimefika kwenye ule mkate mezani, vuta karibu uone ganda lake lilivyojengwa kwa vidoti vya mwanga, wiki ya tatu hii bado nahangaika nao na kila nikirudi kwenye picha naona kidoti ambacho jana sikukiona.