Ruta ipi ununue kama unataka kuigawa WiFi ya nyumbani na kuisasisha mwenyewe

Dukani Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, muuzaji atakuhesabia antena. Nne, sita, nane. Atakusomea kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo kifurushi chako huenda kisiifikie hata robo. Asichokuambia, kwa kuwa hakuna anayemuuliza, ni kampuni iliyotengeneza ruta hiyo itaendelea kutoa masasisho ya programu dhibiti (firmware, programu inayoiendesha ruta) mpaka lini, na siku ikiacha utabaki na nini.

Mimi ruta nazipanga kwa swali hilo kwanza. La pili: je, inaweza kutenga vifaa vya nyumba moja visionane? Kasi inafuata baadaye sana.

Kwa nini utenge

Nyumba ya kawaida mjini siku hizi ina simu na laptopu za familia, televisheni ya intaneti, king'amuzi, kamera kadhaa za ulinzi na kinasa chake, na mara nyingi wapangaji wa uani wanaochangia bili ya mwezi. Vyote vikikaa kwenye mtandao mmoja, kamera iliyotekwa inaweza kuitafuta laptopu unayofanyia miamala ya benki. Huku si kutishana. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Septemba 2021 Hikvision, kampuni ya kamera, ilitangaza udhaifu, uliopewa namba CVE-2021-36260, uliomwezesha mtu kuziamrisha kamera zake bila kuijua nywila. Marekebisho yalitolewa, lakini kamera nyingi hazijaguswa tangu fundi aliposhuka kwenye ngazi.

Mgawo unaotosha nyumba nyingi ni wa sehemu tatu: familia, vifaa, na wageni pamoja na wapangaji. Kila sehemu ina jina lake la WiFi na VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya ruta hiyo hiyo), halafu fayawoli, yaani mlinzi wa mawasiliano ndani ya ruta, inaamua nani amfikie nani. Familia iweze kuifungua kamera. Kamera isiweze kuanzisha mawasiliano na familia. Wageni wapate intaneti, basi. Kinasa cha kamera, kama huna kawaida ya kukitazama ukiwa mbali, kinyime intaneti kabisa.

Tahadhari mbili. Printa iache upande wa familia, utajiepusha na maswali ya kila wiki. Na televisheni ukiihamishia upande wa vifaa, simu yako haitaiona tena pale unapotaka kurusha video, kwa sababu matangazo ya mDNS yanayovitambulisha vifaa hayavuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Itabidi uongeze kirudishi cha mDNS, kinachoyarudia matangazo hayo upande wa pili, au ukubali kutumia rimoti. Mimi ningekubali rimoti.

Jambo moja kabla ya orodha: kile kifaa cha faiba kilicholetwa na kampuni ya intaneti usikiguse. Programu yake inasimamiwa na kampuni, na kukiflashi (kukiwekea programu dhibiti nyingine) ni njia fupi ya kukosa huduma. Ruta yako inakaa nyuma yake, ikipokea intaneti kwenye tundu la WAN. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti. Ukitaka kuifikia nyumba kutoka nje, ndipo waombe wakuwekee hali ya daraja (bridge mode), kifaa chao kiipitishe intaneti moja kwa moja hadi kwenye ruta yako.

1. MikroTik hAP ax²

Najua wapenzi wa programu huria watanuna. Lakini kwa msomaji wa Dar, Mombasa au Kampala, hii ndiyo ya kwanza kwangu, na sababu si kasi. MikroTik ni kampuni ya Latvia, na mfumo wake, RouterOS, si huria, lakini unaendelea kupokea masasisho kwa miaka mingi baada ya kifaa kununuliwa. Kampuni nyingi ndogo za intaneti na wauza hotspoti wa mitaani wanautumia, kwa hiyo fundi anayeujua hayuko mbali. Kifaa kina RAM ya GB 1, hifadhi ya MB 128 na matundu matano ya gigabiti. VLAN, fayawoli na majina mengi ya WiFi vyote vimo ndani, hakuna leseni ya kuongeza.

Kuna na suala la umeme. Tundu lake la chaji linapokea kuanzia volti 12 hadi 28, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 au UPS ndogo ya ruta inaibeba bila shida umeme ukikatika.

Sasa ubaya. Menyu zake zimeandikwa kwa ajili ya mafundi wa mitandao. Ukurasa wa Quick Set utakupa intaneti kwa dakika chache, lakini mgawo wa VLAN utaufanyia nje ya hapo, na kosa dogo kwenye bridge (sehemu inayoyaunganisha matundu na WiFi) litakufungia nje ya ruta yako mwenyewe. Kuna kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox, programu ya MikroTik ya kusimamia ruta kutoka kwenye kompyuta. Kibonyeze kabla hujagusa chochote, na muunganisho ukikatika mabadiliko yatarudi yalivyokuwa. Antena ziko ndani, na nyumba ya matofali yenye vyumba vingi itahitaji kifaa cha pili, au uchukue hAP ax³ yenye antena za nje.

Na usidhani jina kubwa linakulinda. Aprili 2018 MikroTik ilitoa marekebisho ya udhaifu wa Winbox, CVE-2018-14847. Miezi michache baadaye ruta zake nyingi mno, hasa Brazil, zilikutwa zimetekwa na kupachikwa programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwapo tangu Aprili. Wenye ruta hawakuimeza. Kusasisha kuna hatua mbili, na ya pili husahaulika: kwanza System, Packages, Check For Updates, kwenye mkondo wa stable, kisha ruta ikishawaka, System, RouterBOARD, Upgrade, na uiwashe upya tena. Winbox isiachwe wazi upande wa intaneti. Mipangilio ya kiwandani inaufunga upande huo, ila baadhi ya mafundi hufuta mipangilio yote ili kuanza upya na hawairudishi fayawoli. Ukikabidhiwa kazi, uliza.

2. Cudy WR3000 yenye OpenWrt

Kama bajeti ni ndogo na uko tayari kuflashi, hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi. OpenWrt ni mfumo huria unaotokana na kisa cha ruta ya Linksys WRT54G: ilipogundulika kwamba ruta ile inaendeshwa na Linux, kampuni ililazimika mwaka 2003 kutoa msimbo wake, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Tangu hapo umekuwa kimbilio la ruta ambazo watengenezaji wamezitupa.

WR3000 ina chipu ya MediaTek MT7981, RAM ya MB 256, WiFi 6 na matundu ya gigabiti. Kinachonivutia ni kwamba Cudy wenyewe wanatoa faili la mpito lililosainiwa: unalipandisha kupitia ukurasa wa kawaida wa masasisho, kisha unapandisha OpenWrt rasmi juu yake. Hakuna kufungua kasha, hakuna kuchomea waya. Hiyo ni nadra.

Kasoro yake: toleo la kwanza lina hifadhi ya MB 16 tu. Inatosha kwa mgawo wa sehemu tatu na fayawoli, haitoshi ukitaka kurundika programu za kuzuia matangazo na VPN za kila aina. Halafu kuna WR3000 zenye herufi baada ya namba, na hizo ni vifaa tofauti vinavyotaka faili tofauti. Soma stika ya chini, siyo boksi.

Kwenye OpenWrt pia masasisho hayaji yenyewe. Toleo la 24.10, lililotoka Februari 2025, nalo litafikia mwisho wake kama yaliyotangulia, na ni juu yako kuhamia linalofuata. Siku hizi kuna Attended Sysupgrade inayokutengenezea faili jipya pamoja na vifurushi ulivyokuwa umeongeza, kwa hiyo kazi imepungua sana. Pakua nakala ya mipangilio kwanza, uiweke mahali ambapo si ndani ya ruta.

3. GL.iNet Flint 2 (GL-MT6000)

Hii ndiyo ruta bora kuliko zote hapa kwa vipimo: RAM ya GB 1, hifadhi ya GB 8, matundu mawili ya gigabiti 2.5 na manne ya gigabiti moja. Inakuja na mfumo wa GL.iNet uliojengwa juu ya OpenWrt, mtandao wa wageni unawashwa kwa kitufe kimoja, na ukitaka zaidi unaingia LuCI, ukurasa wenyewe wa OpenWrt. Ukichoka na mfumo wao unaweka OpenWrt rasmi. Ukiharibu, kuna ukurasa wa uokoaji wa U-Boot (programu ndogo inayokiwasha kifaa) unaofufua kifaa kwa waya na kivinjari tu.

Mbona ni ya tatu? Bei, na umeme. Chaja yake ni ya volti 12 kwa ampea 4, na UPS nyingi ndogo za ruta hazifiki huko. Kama nyumba ina inveta, ipandishe hadi nafasi ya kwanza.

Ndugu yake mdogo, Beryl AX (GL-MT3000), anatumia chaja ya USB-C na anafaa anayesafiri au anayeishi chumba kimoja. Ana tundu moja tu la LAN, yaani la vifaa vya ndani.

4. OpenWrt One

Ni ruta ya mradi wenyewe, imetengenezwa na Banana Pi, ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2024 kwa dola 89 pamoja na kasha, na dola 10 kati ya hizo huenda kuuchangia mradi. Ina hifadhi ya pili iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji, hivyo kuiua kwa kuflashi vibaya ni kazi ngumu. Kwa anayejifunza, sijui kifaa chenye huruma kuliko hiki. Ila kina tundu moja la WAN na moja la LAN, kwa hiyo ukiwa na kamera za waya utahitaji swichi inayoelewa VLAN, kama TP-Link TL-SG105E, na mzigo wenyewe utauagiza nje na kuulipia forodha. Kwa nyumba ya kawaida ni mzunguko mrefu.

5. Ruta mbili za kawaida

Kama hutaki kuflashi wala kusoma menyu za MikroTik, nunua ruta yoyote nzuri ambayo bado inapata masasisho, uichomeke nyuma ya ile ya kampuni. Hapa wengi hukosea upande. Wapangaji, kamera na wageni wabaki kwenye ile ya kampuni, familia ihamie kwenye mpya ya ndani. Ya ndani inaweza kuifikia ya nje, ya nje haiwezi kuanzisha mawasiliano kuelekea ndani. Ukigeuza, wageni ndio watakaoweza kuzifikia laptopu zenu. Ni mgawo wa kimaskini, lakini ni mgawo.

Za kuacha rafuni

TP-Link TL-WR841N bado inauzwa kwa bei ya kuvutia. Matoleo yake mengi yana hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32, na OpenWrt ya sasa haiingii humo. Kiwango changu cha chini ni MB 16 za hifadhi na MB 128 za RAM. Archer AX10 inaonekana ya kisasa lakini chipu yake ni ya Broadcom, na WiFi za Broadcom hazielewani na OpenWrt. Ukitaka TP-Link, tafuta Archer AX23 toleo la kwanza, na hakikisha ndilo unalopewa.

Kwenye mitumba utakutana na BT Home Hub 5 Type A kutoka Uingereza. Ina hifadhi ya MB 128, bei yake ni ya bure, na inapokea OpenWrt, lakini lazima uifungue na kuchomea nyaya kwenye ubao. Kama fundi wako wa simu ana mkono mwepesi na hakutozi zaidi ya bei ya ruta yenyewe, jaribu. Kabla ya kulipia ruta yoyote, fungua orodha ya vifaa kwenye tovuti ya OpenWrt ukiwa bado dukani, geuza kifaa, linganisha modeli na namba ya toleo iliyo kwenye stika. Muuzaji akikukataza kufungua boksi, nenda duka la pili.