Kikapu moto: mwaka mmoja jikoni kwangu Uyole

Nilikinunua kwenye maonyesho ya Nane Nane ya mwaka jana, pale viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, na wala sikuwa nimekwenda kutafuta kikapu. Nilifuata mbegu ya viazi. Kwenye banda moja kikundi cha akina mama kilikuwa kimepanga vikapu juu ya meza, kila kimoja kimefunikwa mto kama kuku aliyeatamia. Mama mmoja akafunua, akatoa sufuria ya wali unaofuka mvuke, akasema umeingia humo tangu saa tatu asubuhi. Ilikuwa saa sita. Nikaonja, nikalipa 35,000. Mbegu ya viazi nikanunua nusu ya niliyokusudia.

Mume wangu aliponiona nashuka nacho kwenye bajaji akauliza, "Mama, tenga la nyanya hilo?"

Hakukosea sana. Ni tenga la mianzi kweli, lile lile la sokoni, ila ndani limejazwa vipande vya sponji na mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani, likavishwa kitenge, na juu lina mto mnene wa kufunikia. Hakina waya wala tundu la kutia mkaa. Unachemsha chakula jikoni, kikiwa bado kinatokota unakitumbukiza na sufuria yake, unafunika mto na kwenda zako. Joto ulilokwisha kulilipia linaendelea na kazi.

Sababu ya kukihitaji ni maharage. Dada yangu yuko Dar, namtumia maharage ya njano kwa basi, na kila mara ananicheka kwamba nayachelewesha makusudi. Yeye kwa muda wa saa moja na nusu yameiva, mimi karibu saa tatu nzima nachochea mkaa. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyetutetea: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo maharage ya huku yanaiva polepole, na mkaa ndio unaolipa tofauti hiyo.

Utaratibu niliofikia baada ya makosa mengi ni huu. Usiku naloweka maharage. Saa kumi na moja alfajiri namwaga yale maji, naweka mengine, nayatokotesha dakika 25 kwa moto mkali, chai inafuata kwenye mkaa huo huo. Dakika hizo sipunguzi, hasa yakiwa mekundu, maana yasipotokota sawasawa yana sumu yake inayovuruga tumbo. Kisha yanaingia kapuni, mimi naenda kufundisha. Saa saba mkubwa akirudi anakuta yamelainika, anayaunga kwa kitunguu na nyanya, yanatokota tena kidogo, basi.

Makosa yenyewe? Wiki ya kwanza nilipika nusu kilo kwenye sufuria kubwa. Kikapu hiki kinataka sufuria iliyojaa, kwa sababu chakula chenyewe ndicho kinachotunza joto. Ukiacha hewa nusu sufuria umejidanganya. Siku hiyo kikao kikaturefukia shuleni, nikarudi saa kumi na moja jioni. Maharage yalikuwa vuguvugu na yamechacha, nikayamwaga yote. Yule mama wa banda hakuniambia hilo. Aliniambia kinapika kila kitu.

Hakipiki kila kitu. Ugali usithubutu. Makande ya mahindi yasiyokobolewa niliyajaribu mara mbili, mara zote tukatafuna kama kokoto. Ya mahindi yaliyokobolewa yanakubali, ila lazima uyachemshe dakika 40 kwanza. Ndizi za Tukuyu na nyama zinatoka laini vizuri, ingawa mchuzi unabaki mwepesi kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea, hivyo tia maji kidogo kuliko ulivyozoea. Wali wa mchele wa Kyela unatoka vizuri mno, punje moja moja, lakini hauna ukoko. Nyumbani kwangu hilo lilizua mgomo. Watoto watatu waliokuwa wakigombania ukoko walinitazama kana kwamba nimewaibia, na mpaka leo kila Jumapili napalia makaa juu ya mfuniko kama zamani ili kutunza amani.

Sasa hesabu, maana mimi huandika kila kitu kwenye daftari. Kabla ya kikapu gunia la mkaa la 55,000 lilitutosha siku 24. Sasa linafika siku 34. Naokoa kama 20,000 kwa mwezi, na bei ya kikapu ilikuwa imerudi kabla miezi miwili haijaisha. Wenye jiko la presha la umeme wataniambia wao maharage wanayamaliza mapema zaidi, na ni kweli, jirani yangu analo nami nalitamani. Ila hilo sikuwa na uwezo wa kulinunua siku ile, na umeme ukikatika yeye ndiye anayekuja kwangu kuomba makaa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote hakuna aliyenifundisha. Mnajua Juni na Julai ya huku ilivyo, asubuhi mtoto anaoga huku analia. Zamani niliwasha jiko alfajiri kwa ajili ya maji tu. Sasa jioni, ugali ukishatoka, kwenye makaa yaliyobaki nabandika sufuria ya maji lita nane, yakichemka nayatia kapuni. Alfajiri yanatoka bado yanafaa kuchanganywa na ya baridi, watoto wote wanaoga. Daftari linaonyesha Julai ndiyo niliyookoa zaidi.

Kasoro nyingine: kitenge kinashika masizi, kwa hiyo futa sufuria chini au itandikie gazeti. Sufuria ya mkono mrefu haiingii. Harufu ya dagaa inakaa siku tatu na kuhamia kwenye uji. Mshono wa mto wangu ulifumuka Desemba, na nilipoufua katikati ya masika sponji ilichukua karibu wiki kukauka. Ningependa wangeshona foronya ya kuvua, si kazi kubwa kwa mtu mwenye cherehani. Na 35,000 ni nyingi. Nikikitazama sasa, vitu vyote vilivyomo vinapatikana sokoni Mwanjelwa, tena vingine ni takataka za mafundi.

Bwana yule yule wa tenga la nyanya ameniambia Nane Nane hii nichukue cha pili, cha maji peke yake. Nimemwambia tenga akanunue mwenyewe sokoni, sponji aombe kwa mafundi, kushona nitashona mimi. Jana amerudi na tenga, bado lina nyanya mbili chini.